Kufunga si Kufuta: Akaunti za Zamani na Alama ya Kukopesheka

Kwa Kiswahili cha kila siku, kufunga ni kumaliza. Tunafunga hesabu, tunafunga mjadala, tunafunga mwaka. Ndiyo maana Mswahili anayeishi Marekani akishalipa deni lote la kadi ya mkopo na kuifunga, hujiona ameachana nayo kabisa. Kwenye ripoti yake ya mikopo, hata hivyo, akaunti iliyofungwa ni ile tu isiyoweza kutumika tena kukopea. Historia yake imebaki palepale, na kila mkopeshaji atakayeuliza habari zake ataisoma.

Kwanza istilahi yenyewe. Wengi huandika "alama za mkopo". Siipendi tafsiri hiyo, kwani inafanya ionekane kwamba mkopo ndio uliosahihishwa na kupewa maksi, wakati anayepimwa ni mtu: akikopeshwa leo, atalipa? Neno la kubeba maana hiyo tunalo tayari, na linatamkwa benki na kwenye vikoba bila kufundishwa na mtu. Fulani anakopesheka, fulani hakopesheki. Kwa hiyo natumia "alama ya kukopesheka".

Huko Marekani, alama inayotajwa zaidi ni ya FICO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na Bill Fair na Earl Isaac. Alama yao inayojulikana leo ilitoka mwaka 1989 na huanzia 300 hadi 850. Inakokotolewa kutokana na taarifa zinazokusanywa na taasisi tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Historia ya malipo ina uzito wa asilimia 35, madeni yaliyopo asilimia 30, urefu wa historia asilimia 15. Maombi mapya ya mikopo na mchanganyiko wa aina za mikopo vina asilimia 10 kila kimoja.

Tuchukue kadi moja iliyofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa na mwenyewe mwaka 2016, bila kuchelewa kulipa hata mara moja. Kwenye ripoti utaona tarehe ya kufunguliwa, kikomo cha mkopo, salio sifuri, safu ya miezi iliyolipwa kwa wakati, na maelezo kwamba imefungwa kwa ombi la mteja. Maelezo hayo ya nani aliifunga, yeye au benki, hayampunguzii alama. Akaunti safi kama hiyo hukaa kwenye ripoti hadi miaka 10 baada ya kufungwa, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. VantageScore, alama iliyoanzishwa mwaka 2006 na taasisi zile tatu, inaweza kuacha baadhi ya akaunti zilizofungwa inapokokotoa umri.

Sasa fika mwaka 2026. Kadi ile inatoka kwenye ripoti. Ikiwa aliyobaki nayo ni kadi moja ya mwaka 2022, historia iliyokuwa ya miaka 17 inageuka ya miaka 4, na alama inaweza kushuka ilhali hajakosa malipo wala hajakopa senti. Wengi wakiona hivyo hudhani wameibiwa utambulisho.

Pigo linalokuja mapema zaidi ni la upande wa madeni. Chukua mtu mwenye kadi mbili, moja ya kikomo cha dola 6,000 na nyingine ya dola 4,000, naye anadaiwa dola 2,000 kwenye hiyo ya pili. Anatumia asilimia 20 ya alichoruhusiwa kukopa. Akiifunga ile ya dola 6,000, ambayo haina deni, kikomo chake kinabaki dola 4,000 na matumizi yanapanda hadi asilimia 50. Deni halijaongezeka, lakini kwenye hesabu anaonekana mtu aliyebanwa. Akilipunguza deni, sehemu hiyo ya alama hurudi haraka, mara nyingi salio jipya likisharipotiwa. Kwa hiyo simwambii mtu abaki na kadi yenye ada kubwa ya mwaka kwa kuogopa alama. Namwambia alipe kwanza zile nyingine, ndipo afunge.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote ni kwenye akaunti zilizofungwa zikiwa na deni. Mteja asipolipa kadi kwa siku 180, kwa kawaida benki huliondoa deni hilo kwenye mali zake na kuliandika kama hasara. Nimekuta jambo hilo likiitwa kwa Kiswahili "deni limefutwa", na tafsiri hiyo inaumiza watu. Kwetu aliyefutiwa deni amesamehewa. Huyu hajasamehewa: anadaiwa bado, deni linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, na doa hukaa kwenye ripoti takriban miaka 7 tangu alipoanza kushindwa kulipa. Tuseme "deni lililoandikwa hasara". Ni refu, lakini halimdanganyi msomaji.

Mazoea ya nyumbani nayo yanachangia mkanganyiko huu. Nchini Kenya, ukisikia fulani yuko CRB, yaani kwenye kumbukumbu za ofisi ya taarifa za mikopo, ujue ameshindwa kulipa, japo kanuni za mwaka 2013 ziliruhusu taarifa za wanaolipa vizuri nazo zipelekwe huko. Anayehama na fikra hiyo huona jina lake kwenye ripoti kama aibu ya kuondolewa, na wapo wanaowalipa mawakala wa kusafisha ripoti wawaondolee kila akaunti ya zamani. Kadi ya 2009 iliyolipwa vizuri ikiondolewa, ameitupa miaka yake bora.

Cha kupinga ni kosa: akaunti isiyo yako, malipo yaliyofika kwa wakati yakaandikwa yamechelewa, au kadi uliyomaliza kulipa ikionyesha salio. Ripoti za taasisi zote tatu hupatikana bila malipo kila wiki, na pingamizi likipokelewa, kwa kawaida uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 30. Unapozisoma, anza na tarehe za kufungwa, kisha uhesabu miaka 10 mbele kwa kila akaunti safi. Ikiwa unataka kuomba mkopo wa nyumba, omba kabla kadi yako kongwe haijatoka.