Mvua ya tindikali: nishati ipi huileta, na je, ndiyo inayoharibu mashamba yetu?

Maharage yanapogeuka njano shambani, wapo wanaosema ni mvua ya tindikali. Wasikilizaji wa Kibondo na Kasulu, hapa tunaeleza mvua hiyo inatoka wapi.

Mvua ya kawaida ina tindikali kidogo. Kipimo chake, pH, ni kama 5.6, na namba ikishuka tindikali imezidi. Huzidi pale gesi za salfa na naitrojeni zitokazo kwenye moshi zinapochanganyika na unyevu wa mawingu.

Makaa ya mawe: Mengi yana salfa, hivyo ndiyo chanzo kikubwa. Karne iliyopita, upepo ulibeba moshi wa Uingereza na Ulaya ya kati hadi Norway na Sweden, na samaki wakafa katika maziwa mengi.

Dizeli: Nayo ina salfa, kutegemea ilivyosafishwa. Miji yetu ilitumia umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka, hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Hata hivyo, jenereta chache haziwezi kulinganishwa na mitambo mikubwa ya makaa ya mawe.

Gesi asilia: Ile ya Songo Songo na Mtwara ina salfa kidogo sana, ila ikichomwa hutoa gesi za naitrojeni.

Maji na jua: Kuzalisha umeme huu hakuhitaji kuchoma kitu, kwa hiyo hakuna moshi.

Kuni na mkaa: Salfa yake ni ndogo. Moshi wake hudhuru zaidi mapafu ya anayepika. Moto wa kuchoma mapori wakati wa kiangazi nao huongeza tindikali kiasi hewani.

Kwa nini basi udongo wa sehemu nyingi za nyanda zetu una tindikali? Mvua nyingi, hata iliyo safi, imeosha madini ya chokaa kwa miaka mingi sana. Mbolea kama SA na urea, zikitumika kila msimu, huongeza tatizo.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu moshi au kununua chokaa, mwone afisa ugani udongo upimwe. Na majivu ya kuni usiyatupe ovyo: hupunguza tindikali shambani.