Kuhariri wiki nje ya kivinjari: mfano wa kurasa za Masasi na Newala

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003, ina kurasa za wilaya, miji na kata za Tanzania. Miongoni mwake zimo za Newala, mji ulio ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi. Wahariri wengi huandika ndani ya kisanduku cha kivinjari. Wengine hunakili maandishi, huyafanyia kazi katika programu waliyoizoea, kama Notepad, Vim au Emacs, kisha huyarudisha.

Umeme ukikatika, kazi iliyohifadhiwa kwenye faili hubaki salama. Aidha, programu hizo hubadilisha neno popote lilipo kwa mkupuo, jambo linalofaa kwa kurasa za kata, ambazo hufanana muundo. Hata hivyo, hadhari yahitajika: Masasi ni jina la mji na la wilaya pia, na Mangaka, iliyokuwa ndani ya Masasi, sasa imo Wilaya ya Nanyumbu. Abadilishaye bila kusoma huhamisha vijiji kwa kubonyeza mara moja.

Word haifai kwa kazi hii, kwani kwa kawaida hupinda ritifaa, ile alama ya ng'. Katika wiki, ritifaa mbili zilizonyooka hulaza herufi na tatu huzikoza; zikipindwa, hazifanyi kazi.

Hatari kubwa zaidi ni nakala iliyochacha. Tuseme mtu amenakili ukurasa wa Newala Jumatatu, na Jumatano mwingine akaweka idadi ya watu ya sensa ya 2022 badala ya ile ya 2012. Ijumaa wa kwanza anafungua upya kisanduku na kubandika maandishi yake yote. Mfumo huonya iwapo ukurasa umebadilishwa baada ya kisanduku kufunguliwa. Hapa ulibadilishwa kabla, hivyo hakuna onyo, na takwimu za zamani hurejea kimyakimya. Historia ya ukurasa huhifadhi kila toleo, lakini lazima atokee wa kuitazama.

Kwa hiyo inafaa kuikagua historia hiyo kabla ya kubandika, na kuhariri sehemu moja badala ya ukurasa mzima. Viongezo vya kivinjari navyo hupunguza kunakili: It's All Text! ilikoma kufanya kazi katika Firefox 57, Novemba 2017, ila GhostText huunganisha kisanduku na programu ya mhariri moja kwa moja.