Somo la Historia: Reli ya Mwanza Juu ya Meza

Leo tutazungumza juu ya reli ya Mwanza. Tutajifunza historia yake kwa kuunda mfano mdogo wa kituo juu ya meza. Tumechagua Malampaka, wilayani Maswa, kwa kuwa reli inapita huko, ndani ya mkoa wetu wa Simiyu.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha magari ya moshi ya kuchezea pamoja na reli zake. Leo watu wazima wengi huko Ulaya huunda reli ndogo nyumbani kwao. Mara nyingi gari lenyewe haliwachukui siku nyingi. Kinachowachukua muda ni vitu vidogo vya kandokando: miti, nyua, mapipa na watu.

Kwanza, kipimo. Kila mita 1 ya kweli iwe sentimita 1 juu ya meza. Upana wa reli ya Mwanza, kutoka chuma hata chuma, ni mita 1. Basi reli yetu itakuwa na upana wa sentimita 1. Mtu mzima hatafika sentimita 2. Njiti ya kiberiti ukiikata katikati, utapata mataruma mawili.

Pili, mahali penyewe. Tandazeni udongo mweusi wa mbuga. Chomekeni vijiti vya kijani viwe ua wa minyaa. Ng'ombe wafinyangeni kwa udongo, kama watoto wafanyavyo, ila wawe wadogo sana.

Sasa tuingie katika historia. Kabla ya reli, wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa za Mwanza zikaanza kuvuka ziwa kwenda huko. Wajerumani walijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, kati ya mwaka 1905 na 1914. Baadaye, wakati wa Waingereza, tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928.

Injini za siku zile zilikwenda kwa mvuke, nazo zilihitaji maji njiani. Kifuniko cha chupa juu ya vijiti vinne kitakuwa tangi la maji. Lakini msiliweke popote tu. Waulizeni kwanza wazee wa Malampaka vitu vya kituo vilikuwa wapi.

Bado kitu kimoja, nacho ni kidogo kuliko vyote. Pamba haikutoka shambani ikaingia moja kwa moja katika behewa. Mkulima aliipeleka kwa mnunuzi, ikapimwa, ikachambuliwa mbegu kiwandani, ikafungwa marobota, ndipo ikapanda gari. Basi mwisho wa barabara itokayo Bariadi, wekeni banda la mnunuzi, na ndani yake mzani wa waya.

Mzani huo ulileta ugomvi mkubwa. Mkulima asiyejua namba alilazimika kuliamini neno la mnunuzi. Ratili zikipunguzwa, fedha za mwaka mzima zilipungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, waliojua kusoma mzani. Paul Bomani alikuwa kiongozi wao, wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions.

Kama meza yetu ingekuwa na reli na injini tu, tungejua jinsi pamba ilivyosafiri. Tusingejua mkulima alilipwa nini, wala kwa nini alitaka kujua kusoma. Kwa hiyo mbele ya mzani simamisheni watu wawili: mkulima na mpimaji wake.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Reli ya Mwanza ilikamilika mwaka gani?
2. Behewa la mita 10 litakuwa na sentimita ngapi juu ya meza?
3. Kwa nini wakulima waliweka wapimaji wao?
4. Katika kijiji chenu, nani husoma mzani siku ya kuuza pamba?