Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Katika miaka ya 1970, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam ilipata mlinzi mpya: Mmakonde wa makamo aitwaye George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi. Kazi alitafutiwa na mjomba wake, Augustino Malaba, mchongaji aliyekuwa hapo tayari. Lilanga alikuwa na vinyago vyake mwenyewe. Vilipoonekana, lindo likaishia hapo.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, kwa ajili ya vijana wenye mikono myepesi na mifuko mitupu. Walichonga, wakatia nta na rangi kwenye batiki, wakachapa picha, na mali yao ikauzwa palepale. Siku hizi tungesema mradi wa uponyaji kwa njia ya sanaa. Sidhani kama kijana wa wakati ule angeielewa lugha hiyo. Alichoelewa ni kwamba amekaa ubavuni mwa fundi, na kazi yake imepata mnunuzi.

Hapo Lilanga alijifunza batiki, akachora juu ya ngozi za mbuzi, kisha akaingia kwenye rangi. Mashetani ya Kimakonde, yale yenye masikio mapana na midomo ya kuvutika, yakatoka kwenye mpingo yakaanza kucheza na kugombana kwenye turubai. Yalifika Ulaya, Marekani na Japani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Sista Jean alihusika kuanzisha Kituo cha Dogodogo, makao ya watoto wa mitaani jijini humo. Jengo la Nyumba ya Sanaa lililokuwa Barabara ya Ohio, ambalo wengi tulilipita tukielekea Posta bila kugeuza shingo, limekwisha kubomolewa.

Ule mtindo wa kukaa ubavuni mwa fundi haukubomoka nalo. Kisukari kilipomkata Lilanga miguu, aliendelea kuchora akiwa kwenye kiti cha magurudumu, huku vijana wa nyumbani kwake wakimsaidia kujaza rangi. Alifariki Juni 2005. Picha zile zina sahihi moja tu, ya Lilanga. Kwangu mimi, waliojaza rangi nao walistahili kuandikwa, hata kama ni nyuma ya turubai.