Mkono Uliomo Ndani ya Sanduku

Mwaka jana nilikuwa nimebakiza kubonyeza kitufe kimoja tu ninunue amplifaya ya gitaa ya dola 3,200. Hela nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeidunduliza kwa miaka mitatu, malipo ya makala na tafsiri za usiku. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu, akaitazama ile picha ya sanduku la kahawia kwenye kompyuta, kisha akauliza: "Hiyo inapiga yenyewe, au na wewe bado utahitajika?"

Nilicheka, lakini kitufe sikukibonyeza.

Kuna amplifaya za kawaida, zinazotoka kiwandani kwa maelfu. Halafu kuna hizi zinazotengenezwa chache chache, waya mmoja mmoja kwa mkono, ambazo Wamarekani huziita za butiki. Kwetu butiki ni duka la nguo, lile lenye sanamu mlangoni na nguo zisizobandikwa bei, na maana haiko mbali sana. Je, zina thamani ya hela zinazodaiwa? Mimi jambo likinishinda kuamua huwa naenda kuangalia lilikoanzia. Hili lilianzia mahali nisipopategemea: kwa fundi redio.

Mwaka 1938, katika mji wa Fullerton, California, Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio. Alikuwa amesomea uhasibu na kazi ya uhasibu ilikuwa imemtoka wakati uchumi wa Marekani umeanguka. Gitaa hakujua kupiga, na hakujifunza hadi anakufa. Lakini redio aliijua, na amplifaya ya gitaa ni kama redio isiyo na stesheni: sauti ndogo inaingia, valvu zinaikuza, spika inaitoa. Saketi zake za mwanzo hazikuwa uchawi. Nyingine za aina hiyo zilikuwa zimeshachapishwa katika vitabu vya watengenezaji wa valvu, fundi yeyote aweze kuzifuata. Masanduku aliyafunika kwa kitambaa cha mabegi ya safari. Alichotaka ni kifaa cha kazi: kibebeke, kisife njiani, na kikifa kifunguke kitengenezwe.

Sasa sikiliza hili. Ukifungua amplifaya ya Fender ya miaka ya 1950, mara nyingi utakuta ndani kipande cha utepe wa karatasi, kimeandikwa kwa mkono jina la kwanza tu: Lily, au Lupe. Ni majina ya wanawake waliokuwa wakiunganisha waya pale kiwandani. Kila rezista na kila kapasita vilipita vidoleni mwao. Yaani hicho tunachouziwa leo kama anasa, "imeunganishwa kwa mkono", wakati ule ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kiwanda. Hakuna aliyelipa zaidi kwa sababu ya mkono wa Lily. Mkono ulikuwa ndani ya bei.

Hatua ya pili iko London, na yenyewe ilisukumwa na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, alikuwa na duka la vyombo vya muziki huko Hanwell. Vijana waliokuja dukani, Pete Townshend akiwa mmoja wao, walitaka amplifaya yenye nguvu zaidi. Waliyoitamani ni Fender Bassman, ambayo Leo aliibuni kwa ajili ya gitaa la besi lakini wapiga solo wakaipora. Tatizo, ikishavuka bahari bei yake ilikuwa haishikiki. Basi Marshall, na fundi wake Ken Bran, na kijana mmoja wa elektroniki aitwaye Dudley Craven, wakafanya kile ambacho fundi yeyote wa Gerezani angefanya: wakaifungua Bassman, wakaiiga. Matokeo yake, mwaka 1962, ni JTM45.

Walitumia vifaa vilivyopatikana Uingereza: transfoma nyingine, valvu nyingine, na spika nne za Celestion za inchi 12 ndani ya kabati lililozibwa nyuma, badala ya spika nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi. Mchoro ulikuwa karibu uleule, sauti ikatoka tofauti, nzito na yenye kukoroma. Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio na kundi la John Mayall akiwa na amplifaya ya Marshall, akaifungulia sauti mpaka valvu zikazidiwa. Valvu ikizidiwa haikati sauti ghafla; huibana taratibu, na ule ubanaji ndio masikio yetu yanaupokea kama utamu. Sauti ya roki tunayoiita ya asili ilitoka kwenye nakala iliyotengenezwa kwa sababu ile halisi ilikuwa ghali.

Mambo yaligeuka mwaka 1965. Leo Fender, akiwa na matatizo ya afya, aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Miaka ilivyosonga, wapiga gitaa wakaanza kulalamika kwamba mambo si kama zamani. Kuna waliosema kweli na kuna waliosikia kwa macho. Kwa vyovyote vile, vifaa vya kabla ya CBS vikaanza kutafutwa kama dhahabu, na katika pengo lile wakazaliwa mafundi wa butiki.

Randall Smith, fundi wa eneo la San Francisco, alianza kwa utani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua Fender Princeton, kijisanduku kidogo cha mwanafunzi, mali ya mpiga gitaa Barry Melton, akakifumua ndani na kukitia saketi kubwa yenye asili ya Bassman na spika ya inchi 12. Nje hakikubadilika. Carlos Santana akakijaribu pale dukani na akapagawa. Kutokana na utani ule ikazaliwa Mesa Boogie, ambayo mwaka 2021 ilinunuliwa na Gibson. Fundi wa uani akaishia kuwa kampuni, na kampuni ikaishia ndani ya kampuni kubwa zaidi.

Wengine wawili walikataa njia hiyo. Ken Fischer wa New Jersey, aliyewahi kuwa mhandisi wa kampuni ya Ampeg, alitengeneza amplifaya za Trainwreck chache sana, na badala ya namba akazipa majina ya wanawake. Alifariki mwaka 2006. Kule California, Howard Dumble alikuwa akimsikiliza mteja anavyopiga kabla ya kurekebisha saketi imfae yeye. Stevie Ray Vaughan alirekodi albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1983, kwenye studio ya Jackson Browne, akitumia Dumble aliyoikuta humo. Dumble alifariki mwaka 2022, na leo amplifaya yake moja inaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000.

Jambo linalonikera, na ninasema hivi nikiwa nampenda Dumble, ni kwamba alikuwa akimwagia gundi ngumu sehemu ya saketi zake ili mtu asione kilichomo. Namwelewa: Marshall alimwiga Fender, na yeye hakutaka kuigwa. Ila pima umbali tuliotembea. Tulianza na mchoro ambao kila fundi angeweza kuupata, tukaishia kwenye gundi.

Sasa turudi kwenye zile dola 3,200 zangu. Zinalipia nini hasa?

Kipimo kizuri tumepewa na Fender wenyewe. Wanauza Deluxe Reverb ya kiwandani, saketi yake ikiwa kwenye bodi iliyochapwa kwa mashine. Wanauza pia nyingine ya jina hilohilo, iliyounganishwa kwa mkono. Mchoro haufanani kwa asilimia mia, ila ni ndugu wa baba mmoja, na tofauti ya bei inazidi dola 1,000. Umeme haujui kama waya umechomwa risasi na mtu au na mashine. Ukichukua vifaa vilevile na mchoro uleule, sikio litahangaika sana kuziona hizo dola 1,000. Spika ukiibadilisha, ndiyo, hata jirani atajua. Hivyo anayekuambia mkono peke yake unaleta sauti tamu anakuuzia hadithi.

Lakini mkono unaleta kitu kingine, na hiki nilikielewa nilipopeleka amplifaya ya marehemu mjomba wangu kwa fundi. Mjomba alikuwa mpiga solo kwenye bendi ya dansi. Aliacha sanduku zito la valvu lililobanduka lebo, na lilikuwa kimya kwa zaidi ya miaka kumi. Sambamba nalo nilibeba amplifaya yangu mpya ya kiwandani, niliyoinunua kwa bei ya wastani, ambayo ilikuwa imezimika baada ya umeme kupanda na kushuka usiku mmoja.

Yule mzee alianza na yangu. Akatoa bodi, akaigeuza, akaitazama dakika nzima. Vitundu vya waya, vitufe, soketi za valvu, vyote vilikuwa vimechomelewa juu ya bodi moja nyembamba, na joto la valvu lilikuwa limeiunguza. "Hii, kijana wangu, wameitengeneza isirudi kwa fundi," akasema. Sitaki kudanganya: bodi za mashine zikitengenezwa vizuri zinadumu, na Mesa wanazitumia kwenye amplifaya ghali. Yangu haikutengenezwa vizuri.

Kisha akafungua ya mjomba. Kwanza akaziondolea kapasita umeme wake, kwa sababu zinaweza kushika volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa, na zimeshaua watu. Halafu akatabasamu. Kila kitu kilikuwa wazi, waya ukionekana unatoka wapi na kwenda wapi. Aliufuata kwa kidole kama mtu anayesoma barua ya zamani. Kapasita tatu na waya mmoja vilikuwa vimekufa. Nililipa shilingi 95,000 na ufundi ndani yake.

Hapo nikapata jibu langu, ingawa si jibu la kila mtu. Mpiga gitaa wa California aliye karibu na kituo cha huduma anaweza kununua ya kiwandani akalala usingizi. Mimi ninaishi mahali ambapo umeme wa ukutani ni volti 230, amplifaya ya Marekani ni 120, na dhamana ya kampuni inaishia uwanja wa ndege. Kwangu, amplifaya inayofunguka na kusomeka ina thamani ya ziada kweli. Ila thamani hiyo iko kwenye kutengenezeka, na kutengenezeka hakuhitaji jina kubwa wala dola 100,000. Anayekuuzia butiki iliyomwagiwa gundi anakuuzia kinyume chake.

Na hata hapo usijidanganye kwamba umejitegemea. Valvu kwa sehemu kubwa zinatoka Urusi, China na Slovakia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, Urusi ilizuia kuziuza nje kwa muda, na wapiga gitaa duniani kote wakaanza kuzificha kabatini kama sukari ya magendo.

Sikununua lile sanduku la kahawia. Sehemu ya zile hela imeenda kwenye paa la jikoni, na sehemu nimenunua seti mbili za valvu za akiba. Amplifaya ya mjomba iko sebuleni. Nilipokuwa naifunga, niliona yule fundi ameacha kipande cha utepe ndani, na juu yake, kwa kalamu ya bluu, jina lake la kwanza na tarehe. Mke wangu alikisoma akauliza kama huyo naye ni msanii. Nikamwambia ndiyo, kisha nikawasha, tukasubiri valvu zipate moto.