SMASSE: likizo zilizowarudisha walimu wa sayansi darasani

Mtajie SMASSE mwalimu yeyote aliyefundisha fizikia au hisabati katika sekondari za Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha umtazame usoni. Wako watakaocheka. Wako pia watakaonuna, maana hawajasahau likizo zao zilivyoliwa.

Mradi huo wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati wakati wa likizo ulianza mwaka 1998. Matokeo ya sayansi na hisabati katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalikuwa duni mwaka nenda mwaka rudi, na lawama zote zilitupiwa maabara tupu na wanafunzi wazembe. Serikali ikashirikiana na JICA, shirika la maendeleo la Japani, na kuteua wilaya 9 za majaribio, zikiwemo Kisii, Kakamega, Makueni na Kajiado. Makao yakawa KSTC, chuo cha walimu wa sayansi jijini Nairobi. Masomo yalikuwa 4: hisabati, fizikia, kemia na biolojia.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa kuhusu nani afundishe. Wakufunzi wa wilaya walikuwa walimu wa kawaida, wenye vidato vyao na rundo lao la madaftari ya kusahihisha. Walinolewa Nairobi, kisha wakarudi kukabiliana na wenzao waliowajua vizuri, tena wasioogopa kuwapinga.

Kazi yenyewe ilitambulishwa kwa herufi ambazo walimu walizikariri hadi zikawachosha: ASEI na PDSI. Kwa lugha nyepesi, somo lijengwe juu ya shughuli, mwanafunzi, majaribio na vifaa vya kubuni. Na mwalimu apange, atende, atazame, kisha aboreshe. Chukua asidi na besi katika kidato cha kwanza. Shule isiyo na kemikali za kutosha ina ua la hibiski uani. Twanga petali zake, zichuje kwa spiriti kidogo, kisha gawa majimaji hayo mara mbili: tone la ndimu huyageuza mekundu, maji ya majivu huyapeleka kwenye kijani. Katika mafunzo, mwalimu mmoja alifundisha somo la namna hiyo huku wenzake wakijifanya wanafunzi, na alipomaliza wakalichambua bila huruma. Kwa watu waliozoea kufunga mlango na kufundisha peke yao, hilo halikuwa jambo dogo.

Wajapani walikuwa na desturi hiyo tangu enzi ya Meiji, karne ya 19. Walimu huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha, na wengine husimama pembeni wakiandika wanachofanya wanafunzi. Dunia ya Magharibi iliizingatia hasa baada ya James Stigler na James Hiebert kuchapisha kitabu chao, The Teaching Gap, mwaka 1999, wakati SMASSE ikiwa tayari imeanza Kenya.

Mwaka 2003 mradi ukaenea nchi nzima. Mataifa mengine ya Afrika nayo yalikuwa yameshaanza kuja kujifunza, na CEMASTEA, kituo kilichozaliwa na mradi huo na kilichopo Karen, Nairobi, baadaye kikawa kitovu chao. Nyumbani, manung'uniko hayakuisha. Fedha za kuendesha mafunzo zilitokana na karo za wanafunzi, ilhali mwalimu alitoa likizo yake na kuuliza marupurupu yako wapi. Isitoshe, maarifa yaliyoshushwa ngazi kwa ngazi hupungua njiani, na mwalimu aliyerudi shuleni peke yake, kwenye darasa lililojaa pomoni, mara nyingi alirudia chaki na maelezo.

Ndiyo maana CEMASTEA baadaye ikaegemea zaidi utaratibu wa Kijapani, unaofanyika shuleni kwenyewe: walimu wa shule jirani huchagua mada inayowatatiza na kuifanyia kazi darasani halisi.

Lakini hoja ya nani alipe imebaki palepale. Septemba 2021, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilizindua mpango mwingine wa mafunzo endelevu, safari hii mwalimu akitakiwa kutoa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Wengi waliupinga.