Kabila la Mwingereza

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Kenya, hukosi kumsikia mtu, kwenye matatu au kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, akitoa ile hotuba ya kawaida: sisi hupiga kura kwa kabila, ilhali wenzetu kule Uingereza hukaa chini, wakasoma manifesto, wakapima sera, kisha wakaamua. Hadithi tamu hiyo, na ndiyo maana haifi. Shida ni kwamba ukifuata historia ya mpiga kura wa kawaida wa Uingereza, huyo msomaji wa manifesto ni nadra kumpata. Wapo wachache, kama walivyopo kwetu. Wengi waliobaki wameamua kwa sababu ambazo ungezitambua mara moja, ila zimevaa koti la baridi.

Hebu turudi nyuma, wakati kura ilipokuwa kelele.

Kabla ya 1872 hakukuwa na siri yoyote. Siku ya kura jukwaa la mbao lilisimamishwa mahali pa wazi, na mwenye haki ya kupiga kura (mwanamume mwenye mali, na hao hawakuwa wengi) alijitokeza, akataja jina lake, kisha akamtaja mgombea anayemtaka kwa sauti, watu wakisikia. Karani akaandika kitabuni. Baadaye vitabu hivyo vilichapishwa na kuuzwa, jina kwa jina, kura kwa kura. Fikiria sasa: mwenye shamba unalolima, mteja mkubwa wa duka lako, kasisi wa parokia, wote wanaweza kununua nakala na kuona ulimpa nani.

Basi mtu aliamuaje? Mara nyingi alikuwa ameshaamuliwa. Mpangaji alimfuata mwenye ardhi. Mwenye duka alipiga hesabu ni wateja gani hawezi kuwakosa. Na kwa kuwa jumla ya kura ilijulikana kadiri siku ilivyosonga, wajanja walivuta muda. Wagombea wakikabana koo jioni, bei ya kura ilipanda. Aliyeamka alfajiri kwenda kupiga kura yake aliiuza rahisi. Bia nayo ilitiririka. Mchoraji William Hogarth aliyaweka haya yote kwenye picha nne zilizotokana na uchaguzi wa Oxfordshire wa 1754: karamu, hongo, vurugu, wagonjwa wakiburutwa hadi jukwaani ili kura zao zisipotee. Ukizitazama leo, badilisha tu kofia, utadhani ni eneo bunge fulani unalolijua.

Lakini haikuwa vichekesho kwa kila mtu. Katika uchaguzi wa 1868 kule Wales, wakulima wa Cardiganshire na Carmarthenshire waliothubutu kupigia chama cha Liberal, kinyume na matakwa ya wenye ardhi, walifukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wakikodisha. Familia nzima nje, kwa sababu baba alisema jina moja badala ya jingine. Ukiwa na watoto na msimu wa kupanda unakaribia, sera ya serikali kuhusu kanisa ni jambo la kuamulia hivyo? Wapo walioamua hivyo, na hao ndio nawavulia kofia kuliko wabunge wao.

Kilio cha kura ya siri kilikuwa cha zamani. Vuguvugu la wafanyakazi lililoitwa Chartist liliidai tangu 1838. Makoloni ya Australia yalianza kuitumia 1856, London bado ikipiga miayo. Na waliopinga hawakuwa mabwanyenye peke yao. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa uhuru mwenyewe, alishikilia kwamba kura ni amana ya umma, kwa hiyo mtu aipige hadharani ili ajibu mbele ya jirani zake. Hoja nzuri kabisa kwa mtu asiye na mwenye nyumba wa kumwogopa! Waulize wazee wako kuhusu mlolongo wa 1988, walipopangwa foleni nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe. Watakueleza kwa nini Mill alikosea, na hawatahitaji falsafa.

Sheria ilipita 1872, na tarehe 15 Agosti mwaka huo mji wa Pontefract, huko Yorkshire, ukawa wa kwanza kuijaribu katika uchaguzi mdogo. Sanduku lao la mbao bado lipo kwenye makumbusho ya mji. Lilifungwa kwa nta, na nta ikapigwa muhuri wa kiwanda cha peremende za mji huo. Taarifa za siku ile zilishangaa jinsi mji ulivyotulia. Huwezi kuuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kuhakikisha umemkabidhi. Aliyeshinda ni Hugh Childers, aliyekuwa mbunge wao tayari. Tangu hapo, kwa mara ya kwanza, swali la nani anamchagua nani likawa fumbo. Mtu aliingia kwenye kijichumba, akashika penseli, akatoka, na usoni huoni kitu.

Haki yenyewe ilipanuka polepole mno. Wanaume wote wa miaka 21 na zaidi wakaipata 1918, pamoja na wanawake wa miaka 30 waliotimiza masharti ya mali. Wanawake wakawa sawa na wanaume 1928. Hata hivyo, hadi sheria ya 1948, mhitimu wa chuo kikuu au mwenye biashara aliweza kupata kura ya pili. Wakaifuta, wakisema kila mtu kura moja. Miaka tisa baadaye, Machi 1957, Mwafrika wa Kenya aliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wake katika Baraza la Kutunga Sheria, serikali ya kikoloni ikampimia kwa elimu, mapato na mali: mwingine hana kura, mwingine ana moja, mwingine hadi tatu. Kilichokuwa aibu London kilifaa Nairobi. Nimeliweka hapa tu ili tusisahau.

Turudi kwao. Ukitaka mfano mmoja wa wapiga kura kuwashangaza wakubwa, ni Julai 1945. Winston Churchill alikuwa ametoka kushinda vita. Alipozunguka nchini kufanya kampeni, umati ulimshangilia barabarani. Kura zikapigwa tarehe 5 Julai, kisha masanduku yakakaa wiki tatu yakisubiri kura za askari waliokuwa ng'ambo. Tarehe 26 ikatangazwa: Labour viti 393 kati ya 640. Churchill nje.

Watu wengi waliona ni ukosefu wa shukrani. Mimi naona ni hesabu safi. Kampuni ya Gallup ilikuwa imeuliza watu wanachojali, na nyumba ndizo zilizoongoza. Miji ilikuwa imepigwa mabomu, vijana waliooana wakati wa vita wakiishi chumba kimoja kwa wakwe. Tena walikumbuka mwisho wa vita vya kwanza: wazazi wao waliahidiwa nyumba zinazowafaa mashujaa, wakaishia kwenye foleni za wasio na kazi. Kumshangilia mzee kwa kazi aliyoifanya ni jambo moja. Kumpa kazi inayofuata ni jambo jingine. Cha ajabu, kura za maoni zilikuwa zimeonyesha Labour inaongoza, lakini ni wachache walioziamini.

Sasa tufike kwenye kabila.

Hadi mabadiliko ya sheria ya 1969, karatasi ya kura ya Uingereza haikuwa na jina la chama. Jina la mgombea, anwani, kazi yake, basi. Na bado mamilioni walijua pa kuweka alama, kwa sababu chama hakikuwa kitu cha kusomewa kwenye karatasi. Ulizaliwa nacho. Baba yuko mgodini, yuko kwenye muungano wa wafanyakazi; Jumamosi klabu ya wafanyakazi, mtaa mzima nyumba za baraza la mji. Utapigia nani kama si Labour? Na mtaa wa pili, wenye mapazia mazito na bustani za waridi, mama yuko kwenye kamati ya wanawake ya Conservative, na mtoto akikua anajua. David Butler na Donald Stokes walipowahoji wapiga kura miaka ya 1960, walikuta kwamba watu wengi walirithi chama kutoka kwa wazazi, hasa pale baba na mama walipokuwa upande mmoja. Kura ilipita nyumbani kama dini au timu ya mpira. Lugha ya nyumbani ilikuwa ile ile, Kiingereza, lakini lafudhi ilitosha kukuambia mtu ni wa wapi na atampa nani.

Hilo ndilo ninaloliita kabila. Si damu, ni ile hali ya kujua jibu kabla hujasikia swali.

Wapo waliokiuka, bila shaka. Takriban theluthi ya wafanyakazi wa mikono walikuwa wakiipigia Conservative miaka hiyo, na bila wao chama hicho kingepata taabu sana kushinda. Wengine waliamini kwamba watu waliosoma shule za kifahari ndio wanaojua kutawala. Nadhani sote tuna mjomba wa namna hiyo.

Kabila hilo lilianza kulegea migodi na viwanda vilipoanza kufungwa. Margaret Thatcher alielewa jambo hili vizuri. Sheria ya 1980 iliwapa wapangaji wa baraza haki ya kununua nyumba zao kwa bei nafuu, na zaidi ya milioni moja zikauzwa katika muongo huo. Mtu akishakuwa na mkopo wa nyumba, riba ya benki inakuwa siasa yake. Ndiyo maana Septemba 1992, thamani ya pauni ilipoporomoka na riba ikapandishwa mara mbili kwa siku moja, Conservative walipoteza sifa ya kuwa mameneja wazuri wa uchumi, na 1997 wakalipa. Miezi mitano tu kabla ya aibu hiyo, mwezi wa Aprili, walikuwa wamepata kura zaidi ya milioni 14, nyingi kuliko chama chochote katika historia ya nchi hiyo, wakati watafiti walikuwa wametabiri mambo mengine kabisa. Gazeti la Sun lilijigamba kwamba ndilo lililoleta ushindi. Sidhani. Inaelekea zaidi kwamba watu kadhaa waliona haya kumwambia mtafiti mlangoni wanachotaka, wakaenda kumwambia penseli.

Leo tabaka si kipimo tena kama zamani. Umri ndio unaotenganisha, na elimu. Mwaka 2019 kampuni ya YouGov ilikadiria kwamba kuanzia karibu miaka 39, mpiga kura alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchagua Conservative kuliko Labour. Uchaguzi huo huo, Bolsover, nchi ya makaa ya mawe, ilimwangusha Dennis Skinner, mchimba makaa wa zamani aliyekuwa mbunge wao wa Labour tangu 1970. Brexit ilikuwa imeingia katikati, na kabila jipya, la kubaki au kuondoka Ulaya, likawa na nguvu kuliko la babu.

Kisha ikaja tarehe 4 Julai 2024. Walioichagua Labour walipoulizwa kwa nini, jibu lililoongoza lilikuwa kuwaondoa Conservative. Si sera, ni kuchoka. Wengi walipiga kura kwa hesabu: nani ana nguvu hapa kwetu ya kumwangusha huyu? Kwa kuwa kila eneo bunge ni la mshindi mmoja, kama kwetu, Labour ilipata viti 411 kwa chini ya asilimia 34 ya kura. Reform ilipata asilimia 14 na viti vitano. Liberal Democrats asilimia 12 na viti 72. Kati ya kila wapiga kura kumi walioandikishwa, wanne hivi hawakutokea.

Na katika foleni za siku hiyo, kwenye kumbi za makanisa, shuleni na hata kwenye baa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, walikuwamo Wakenya. Hili wengi hawalijui: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kuchagua mbunge, hata kama ana viza tu na pasipoti ya Kenya. Mfaransa aliyekaa huko miaka 20 hana haki hiyo. Wewe uliyefika mwaka jana kutunza wazee, unayo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mhudumu huyo. Machi 2024, serikali ya Conservative ilikataza wahudumu wapya wa utunzaji kuja na mwenzi au watoto. Miezi minne baadaye unapewa penseli. Manifesto ya Labour nayo ilisema wazi kwamba itapunguza uhamiaji. Unampa nani? Unampa anayekuonea, au anayeahidi kukuonea kwa adabu? Unabaki kitandani kwa sababu umetoka zamu ya usiku? Labour ilishinda. Zuio la familia likabaki. Julai 2025 serikali yao ikafunga mlango wenyewe: kazi ya utunzaji haiajiri tena kutoka ng'ambo.

Waliokwisha kuingia bado wapo, na majina yao bado yako kwenye daftari la wapiga kura.